Pablo Casals alikuwa awe fundi wa mbao

Mimi nafundisha watoto chelo hapa Kisumu, na karibu kila muhula kuna mzazi ananisubiri mpaka watoto watoke, anavuta kiti karibu halafu ananiambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtoto anapenda hii kitu sana na nashukuru, lakini itamlisha?" Sijawahi kukasirikia hilo swali. Mtu analipa karo, analipa nyumba Nyalenda ama Manyatta, unga haushuki bei, na mtoto wake kila Jumamosi anakuja kukaa na ala kubwa katikati ya magoti anavuta upinde huku na huku, sasa asiulize kwa nini? Mimi huwa najibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja, na leo nimeamua niyaandike yote hapa, nikiulizwa tena niwe natuma linki.

Huyo mtu ni Pablo Casals, mpiga chelo, kwao walimwita Pau. Kwa wale hawajawahi kuona chelo, ni ya ukoo wa vayolini ila ni kubwa, unaipiga umekaa, ina chuma chini kinachosimama sakafuni, na sauti yake iko pale pale mwanaume anapoimba taratibu bila kujikaza. Wapigaji wazuri walikuwepo kabla ya Casals, hilo nakubali, lakini ni yeye aliyefanya watu wakubali kwamba mtu mmoja na chelo moja, bila piano, bila okestra, wanatosha kushika ukumbi mzima.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 mji mdogo unaitwa El Vendrell, huko Catalonia, Uhispania. Babake, Carles, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa na mwalimu wa kwaya, kazi ya heshima yenye pesa kidogo, hiyo hata huku tunaijua. Mamake, Pilar Defilló, alizaliwa Puerto Rico, kisiwa cha mbali kule Karibi, kwa wazazi wa Kikatalani, na alizaa watoto 11, wengi wakafa wadogo.

Sasa hapa ndio huwa nawaambia wazazi wasikilize vizuri. Siku moja kikundi cha wanamuziki wa kuzunguka kilipita Vendrell, wamevaa nguo za kuchekesha watu, na mmoja wao alikuwa anapiga ala aliyojitengenezea na mti wa ufagio. Mtoto akarudi nyumbani haongei kitu kingine. Babake akashirikiana na kinyozi wa pale mjini wakachukua kibuyu, wakakitia mti, wakakitia uzi, uzi mmoja tu, na hiyo ndio ilikuwa chelo ya kwanza ya Pablo Casals. Hicho kibuyu kipo mpaka leo, kimehifadhiwa kwao.

Uzi mmoja na upinde! Kama umekulia huku ziwani si unajua nafikiria nini? Orutu, ile ya Waluo. Kipande cha mti kilichochongwa kikawa mzinga, ngozi ya kenge imewambwa upande mmoja, mti mwembamba umepenya, uzi mmoja, upinde mfupi umepakwa ulimbo, na mtu akishika hiyo kitu kwa sherehe ama kwa matanga hakuna atakayebaki amekaa. Wazee wetu walikuwa na hiyo ala wakaikamilisha wenyewe, na bado kuna watu wanadhani ala ya kupigwa kwa upinde ni kitu kilicholetwa na wageni kwa sanduku. Nina mwanafunzi ambaye babu yake kule Nyakach ni mpiga orutu, na siku ya kwanza nilipompa upinde wa chelo nilishangaa. Watoto wengi wakianza wanaukandamiza upinde kwenye nyuzi kama wanapasua kuni, wanadhani sauti inatoka kwa nguvu. Huyu aliuacha ulale. Kiwiko kikafuata mkono, bega likabaki chini, upinde ukaenda kwa uzito wake wenyewe, na sauti ikatoka pana na safi, mtoto hata noti moja ya kusoma hajui. Huo mkono aliupata kwa kumtazama babu yake jioni akipiga, hakuna mtu aliyemkalisha chini akamfundisha.

Na huo mkono wa kulia ndio Casals aliubadilisha duniani. Zamani mwanafunzi wa chelo alifundishwa akaze kiwiko kwa mbavu, na kulikuwa na walimu wanakuwekea kitabu kwapani unapiga ukikibana, kitabu kikianguka umekosea. Casals akiwa kijana tu, tena bado yuko shule, aliona hiyo haina maana, mkono wa binadamu haujaumbwa kufanya kazi ukiwa umefungwa. Akauachilia. Mkono wa kushoto pia akauangalia upya, kwa sababu watu walikuwa wanatelezesha kiganja kizima huku na huku kwenye ubao wa nyuzi kwa kila noti mbili tatu na ule mtelezo unasikika, yeye akaanza kutanua vidole vifikie noti bila kuhamisha kiganja. Kusoma hivi unaweza kuona ni vitu vidogo, lakini mtoto yeyote ninayemfundisha leo hapa Kisumu, nikimwambia legeza bega, tanua kidole cha kwanza kirudi nyuma, hayo ni mambo yanatoka kwa yule kijana wa Vendrell.

Turudi kwa kazi na chakula. Chelo yenyewe, ya ukweli, Casals aliiona mwaka 1888 akiwa na miaka 11, mwalimu kutoka Barcelona aitwaye Josep García alipokuja mji wao kupiga. Mtoto akasema hii ndio nataka. Babake, ambaye yeye mwenyewe ni mwanamuziki, alikataa. Alitaka kijana apelekwe kwa seremala ajifunze kazi ya mbao, apate mkate wa uhakika, maana yeye alijua vizuri muziki unalipa nini. Mimi simlaumu hata kidogo huyo baba. Ni mama aliyesimama. Waligombana mpaka Casals mdogo akaumia kuwa yeye ndiye sababu, lakini Pilar hakurudi nyuma, alimchukua mtoto akampeleka Barcelona mwaka huo huo akamwandikisha shule ya muziki ya manispaa kwa García, na akakaa naye.

Hii sehemu nilimsimulia baba mmoja mwenye karakana kule Kibuye, anatengeneza vitanda na makochi, kijana wake anapiga chelo na yeye Jumamosi alikuwa anamtaka kwa randa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakubisha, akaniuliza tu, "Huyo mama alikuwa na pesa?" Nikamwambia hapana, mzee, hakuwa nayo. Akanyamaza. Wiki iliyofuata kijana alikuja na kibao cha mvule kirefu kama mkono, kina matundu madogo yamepangwa mstari na ukanda wa kushika miguu ya kiti. Sakafu yetu ni ya simiti, ile chuma ya chini ya chelo ilikuwa inateleza, mtoto anapiga huku ala inamkimbia, tulikuwa tunaweka viatu mbele izuie. Yule baba aliliona hilo tatizo siku moja tu akisubiri mlangoni, akaenda akalitatua bila kuambiwa. Siku hizi vigingi vya kukazia nyuzi vikigoma naenda kwake, maana unyevu wa ziwa msimu wa mvua unavimbisha mbao mpaka kigingi hakigeuki, halafu kiangazi kinalegea uzi unaachia katikati ya wimbo, na yeye anajua mbao kuliko mimi. Chelo ni kazi ya seremala kabla haijawa kazi ya mwanamuziki, na kijana wake likizo bado anapiga msasa, sioni ubaya wowote hapo.

Barcelona mtoto hakuishi kwa sadaka. Alipata kazi ya kupiga kwenye mkahawa mmoja, Café Tost, kikundi cha watu watatu, peseta 4 kwa siku, pesa za Uhispania za wakati huo. Watu wanakunywa kahawa, wanaongea, na yeye anapiga nyimbo za wakati huo, halafu akawaomba wenye mkahawa awe na jioni moja kwa wiki ya muziki mzito, wakakubali. Mwaka 1890, akiwa na miaka 13, babake alikuja kumtembelea, akamnunulia chelo yake ya kwanza ya saizi ya mtu mzima, na siku hiyo hiyo wakazunguka wakitafuta noti za kupiga kwa mkahawa. Kwenye duka kuukuu karibu na bandari akafukua karatasi za zamani akakutana na Suite sita za chelo peke yake za Bach, mtunzi wa zamani wa Ujerumani.

Hapa niruhusuni nikae kidogo. Bach aliandika hizo Suite karibu mwaka 1720, kila moja inaanza na preludi, yaani utangulizi, halafu zinafuata ngoma za kucheza za zama zao, alemande, korante, sarabande, mpaka inafunga na jige. Karibu miaka 170 baadaye watu walikuwa wanazitumia kama mazoezi ya vidole, kipande hapa kipande pale, hakuna aliyekuwa anamkalisha msikilizaji ampigie Suite nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Casals alizipeleka nyumbani akazisoma kila siku, na akafanya hivyo miaka 12 kabla hajathubutu kupiga hata moja mbele ya watu. Miaka 12! Leo mtoto akijua nusu ya wimbo anataka tumrekodi aweke TikTok, na simzuii, furaha ni furaha, lakini huwa namwambia kuna mtu alikaa na huu ukurasa unaoushika miaka mingi kuliko umri wako wewe. Ni baadaye sana ndio akazirekodi, alianza London mwisho wa 1936 akiwa anakaribia miaka 60, akamaliza 1939 kule Paris, na hizo rekodi ziko kwa YouTube bure. Zinakwaruza, ni za santuri za zamani, lakini sikiliza Sarabande ya Suite ya tano, mstari mmoja tu wa noti bila hata noti mbili kupigwa pamoja, halafu uniambie kama umeona upungufu.

Mtunzi maarufu Isaac Albéniz alimsikia pale mkahawani akampa barua ya kumpeleka Madrid, na huko malkia akampa posho ya peseta 250 kwa mwezi. Mama na wadogo zake wakahamia naye. Mwaka 1895 akatumwa Brussels kusoma, na mwalimu wa chelo wa huko akamdhihaki mbele ya darasa, huyu Mhispania mdogo ati anajua kila kitu. Kijana akakaa akapiga, darasa likapigwa na butwaa, mwalimu akamwita kando akamwahidi zawadi ya kwanza akikubali kubaki. Akakataa. Hawezi kusoma kwa mtu aliyemdharau. Posho ikakatwa, familia ikaishia Paris wakati wa baridi, Casals anapiga chelo ya pili kwenye ukumbi wa burudani, mama anashona nguo usiku, na siku moja mama akarudi nyumbani amekatwa nywele, alikuwa na nywele ndefu nzuri sana, amekwenda kuziuza wapate chakula. Wakina mama nikifika hapa hawahitaji maelezo. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi niliuza kuku wote." Nikamwambia najua, mama.

Mambo yalikuja kufunguka mwaka 1899, alipopiga Paris na okestra ya Lamoureux, na mwaka huo huo alikuwa amempigia Malkia Victoria kule Uingereza. Baada ya hapo ni dunia nzima, 1904 akapiga White House kwa Rais Theodore Roosevelt, akafanya kikundi cha watatu na mpiga piano Alfred Cortot na mpiga vayolini Jacques Thibaud, sitaki kukaa sana hapo kwa sababu umaarufu unafanana popote. Kitu kimoja tu. Mwaka 1901 akiwa Marekani alipanda mlima karibu na San Francisco na jiwe likaporomoka likamponda vidole vya mkono wa kushoto, na yeye mwenyewe alikuja kusimulia kwamba wazo la kwanza lililomjia ni shukrani, kwamba sasa hatapiga chelo tena. Woga wa jukwaa ulimfuata maisha yake yote. Huwa nawaambia hilo watoto wanaotetemeka kabla ya mashindano ya muziki, wanapata nguvu kidogo.

Pesa alipozipata alizipeleka wapi? Nyumbani. Mwaka 1920 alianzisha okestra Barcelona, Orquestra Pau Casals, na kwa miaka ya mwanzo hasara alikuwa anailipa kutoka mfukoni mwake, anakwenda nje anapiga chelo, anarudi na pesa za kulipa wapiga vayolini. Halafu kukawa na chama cha wafanyakazi, watu wa viwandani na maduka wenye mshahara mdogo, wanalipa ada kidogo sana kwa mwaka na Jumapili asubuhi wanakuja kusikiliza okestra ile ile wanayosikiliza matajiri. Kwangu mimi hii ni kubwa kuliko White House.

Tarehe 18 Julai 1936 walikuwa mazoezini na simfoni ya tisa ya Beethoven, kwaya imeshasimama, ujumbe ukaletwa kwamba uasi wa majenerali umefika na watu waondoke. Casals akawasomea, akawauliza tuondoke saa hii ama tumalize? Wakataka kumaliza. Wakaimba mpaka mwisho ndio wakaagana, na ile okestra haikurudi tena vile ilivyokuwa. Franco, mmoja wa wale majenerali, aliposhinda, Casals alikuwa ameshavuka kwenda Ufaransa, kijiji cha Prades chini ya milima ya Pyrenees, na miaka ile yote aliitumia kuandika barua za kuomba msaada, kupeleka chakula na pesa kwa wakimbizi wa Uhispania waliofungiwa kambini. Wajerumani walimwalika akapige kwao akakataa. Vita vilipoisha na akaona mataifa makubwa yanaendelea kumtambua Franco, akaacha kabisa kupiga konsati za watu. Mpigaji mkubwa zaidi duniani anaweka upinde chini kwa sababu ya nchi yake, miaka inapita. Wanamuziki wenzake walipoona hawezi kuwafuata wakamfuata wao, mwaka 1950, miaka 200 tangu Bach afe, wakaja Prades kutoka kila upande na tamasha likafanyika kanisani pale kijijini.

Alikuwa mtunzi pia, watu wanasahau. Wanakwaya Wakatoliki mtafuteni "O vos omnes" yake ya mwaka 1932, ni ya Juma Kuu, maneno ni yale ya Maombolezo 1:12, enyi nyote mpitao njiani, na ni fupi, kwaya ya parokia yenye besi wazuri inaiweza. Kule Prades mwaka 1943 alianza oratorio kubwa ya Krismasi, yaani kisa cha dini kinachoimbwa na kwaya na okestra, inaitwa El pessebre, juu ya shairi la Joan Alavedra ambaye naye alikuwa mkimbizi, ikaimbwa mara ya kwanza 1960 kule Acapulco, Mexico, na baadaye akazunguka nayo dunia akiomba amani. Mwaka 1971, akiwa na miaka 94, aliongoza Umoja wa Mataifa wimbo aliowatungia, halafu akawapigia wimbo wa Krismasi wa kwao Catalonia, ule wa ndege. Iko video. Mikono inatetemeka mpaka upinde uguse uzi.

Lakini mimi kama mwalimu napenda zaidi kile alichofanya Puerto Rico, kwa kina mama yake, alikohamia akiwa na umri wa karibu miaka 80. Alimwoa Marta Montañez, mwanafunzi wake wa chelo wa kisiwa hicho, mdogo kwake kwa miaka 60, watu waliongea na wao wakaishi vizuri. Mwaka 1957 tamasha, 1958 okestra ya kisiwa, 1959 konsavatori, shule yenyewe ya muziki, ili mtoto wa pale asilazimike kupanda meli kwenda kutafuta mwalimu vile yeye alivyohama na mamake. Alifundisha karibu mpaka mwisho, alifariki huko tarehe 22 Oktoba 1973, na mwaka 1979, Franco akiwa ameshakufa, mwili wake ukarudishwa Vendrell.

Sasa sisi. Maseno wanafundisha muziki chuo kikuu na wametoa watu wazuri, mtaala mpya nao umeweka njia ya sanaa na michezo kwa sekondari ya juu, hayo ni mazuri na nayashukuru. Lakini chelo inataka mtoto wa miaka 8, 9, na huyo yuko Kondele ama Luanda hana ala, hana mwalimu, na vyelo nilivyonavyo wanapokezana, mmoja akipiga mwingine anahesabu mapigo kwa vidole. Kwa hivyo kama ulisomea ala za nyuzi Nairobi ama nje ukarudi nyumbani, uko Kisumu, Kakamega, Busia, hata Nakuru ukiweza kusafiri, na Jumamosi zako ziko wazi, naomba unitafute. Mshahara ni mdogo na sitakudanganya, ila kuna watoto tayari wameshika upinde vizuri na hakuna mtu wa kuwasikiliza mmoja mmoja.